Injini Mbili za Alute

Lori lilizimika maili moja kabla ya Ihanja, pale barabara inapopita kati ya mawe makubwa kama nyumba. Abiria waliokuwa juu ya magunia ya chumvi walishuka bila kuuliza neno, kama watu waliofika walikokuwa wakienda. Aliyeshangaa ni mmoja tu, mwandishi wa habari hizi, ambaye alikuwa amelipia kiti cha mbele mpaka Sepuka na hajawahi kukanyaga nchi hiyo.

Alute, dereva, alifungua boneti, akanusa, akafunga.

"Imekunywa oili yote," alisema. "Tusukume."

Wakasukuma mpaka kijijini.

Alute alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye kofia ya Keya, jeshi la Mwingereza, aliyorudi nayo kutoka vita vya Bama miaka sita iliyopita. Huko alijifunza Kiingereza cha kutukania, Kihindi cha kuombea chai, na injini. Aliporudi, baba mkwe wake alimpokea kwa furaha, akampa jembe. Alilima msimu mmoja. Tangu hapo, jembe likitajwa mbele yake, alikunja uso kama aliyetajiwa jina la sajini wake.

Lori ndilo lililomwokoa. Wazee watatu wa Ihanja waliuza ng'ombe wao wakalinunua likiwa kuukuu, wakamwita Alute aliendeshe. Kuhusu nani anamiliki nini, hawakusumbuka kutafuta karani. Ng'ombe akichinjwa kwao, hakuna mabishano: kidari kina mwenyewe, nundu ina mwenyewe, na anayestahili shingo hawezi kupewa mbavu. Basi lori nalo waligawana kwa viungo. Stefano alichukua magurudumu. Ezekieli, aliyekuwa na mbao, alichukua bodi. Mzee Isaka, aliyetoa ng'ombe wengi kuliko wenzake, alichukua injini, na kwa kuwa kiti cha mbele kimepakana na injini, kiti kikawa chake. Asiposafiri, kinakodishwa kwa wageni. Akisafiri, anapita vijijini ameketi kama mtemi, na watu wanamwamkia kabla hajawaona.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Huko Sepuka ngozi na nta za tajiri mmoja zilikuwa zikingoja, na tajiri alisema ikifika Jumatatu jioni bado zipo, angetafuta lori jingine. Wazee nao walikwisha kusema kwamba kazi hiyo ikipotea, lori litauzwa. Alute alijua litakalofuata. Jembe lilikuwa bado limeegemea ukuta nyuma ya nyumba, na mkewe, Damari, alilipaka mafuta lisipate kutu, pengine kwa upendo.

Aliifumua injini jioni ile ile, na Ijumaa asubuhi alikuwa na jibu. Silinda zilikuwa zimelika. Kuifufua injini ya zamani maana yake ni kuipeleka Dodoma ikachongwe, kisha kuagiza pistoni na ringi kutoka Dar es Salaam: mwezi mmoja Mungu akipenda, miezi mitatu karani akipenda. Kuibadilisha ni siku mbili. Injini nyingine ilikuwepo kijijini, nzima, imefungwa ngozi ya ng'ombe uani kwa mjane Hana. Marehemu mumewe aliinunua katika mnada wa vyombo vya jeshi, na tangu afe kuku walikuwa wakitagia chini yake.

Alute aliona jambo limekwisha. Huko Bama aliwahi kubadilisha injini asubuhi moja, mvua ikimpiga, bila kuuliza mtu. Hakukumbuka kwamba jeshini hakuna mtu aliyekuwa na kitu chake.

Aliwakuta wazee uani kwa Hana, wamekwisha kukaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," alisema Isaka. "Nasikia unataka kunitoa kwenye gari."

"Si wewe, Mzee. Ni injini."

"Injini ni nani?"

Alute akaeleza. Pistoni inacheza ndani ya silinda kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake.

"Tafuta pistoni nene."

"Ndiyo hiyo ya miezi mitatu."

"Nitangoja. Mimi nimeumwa kifua mwaka mzima, na hamkunibadilisha."

"Tulifikiria," alisema Stefano.

Hana alikuwa anapepeta uwele, hakuinua macho. "Na mimi injini yangu siuzi," alisema. "Ikiingia, naingia nayo. Mbele."

"Mimi nipande juu, pamoja na mbuzi?" aliuliza Isaka.

"Mbuzi hawana ubaya, shemeji. Wamekuzoea."

Wazee walihamia lugha yao, Kinyaturu, na ugomvi ukapata kasi. Alute alisikiliza, huku akiiona Jumatatu inakuja na jembe begani. Alijaribu kusema habari za nguvu za injini, za vilima, za petroli. Walimtazama kwa upole, kama mtu anayesifia kisu wakati wenzake wanagombea nyama.

Mwishoni uchungu ulimshinda.

"Basi niibebe na ya zamani," alisema. "Niifunge huko nyuma, isafiri nasi kila siku, ili Mzee asitoke garini."

Alikusudia iwe dhihaka. Hana akaacha kupepeta. Ezekieli, mwenye bodi, aliuliza uzito wake. Isaka alijikuna kidevu muda mrefu.

"Ifungwe vizuri," alisema. "Isilale ubavu."

Alute alifanya kazi Ijumaa iliyobaki na Jumamosi yote. Alisimamisha magogo matatu, akafunga minyororo, akaitoa moja na kuingiza nyingine. Matundu hayakulingana, akatoboa mapya, na chini ya vishikizo akaweka vipande vya ngozi ili injini isitetemeke. Jumapili, watu wakitoka kanisani, iliwaka. Isaka alisimama kando, ameinamisha sikio.

"Ina kelele kuliko yangu."

"Ni kwa sababu inafanya kazi, Mzee."

Jumatatu alfajiri injini ya zamani ilikuwa imefungwa kamba katikati ya bodi, na magunia manne ya chumvi yameshushwa kuipisha. Kabla ya kupanda, Alute aliuliza jambo lililomkosesha raha.

"Askari wa Singida akiniuliza nimebeba nini?"

"Injini," alisema Isaka.

"Ya gari gani?"

"Ya hili."

"Na hiyo iliyo mbele?"

"Mwambie ni yangu," alisema Hana, akapanda. Isaka akapanda baada yake. Walikaa bega kwa bega, kila mmoja akitazama dirisha lake, isipokuwa kwamba dirisha la Hana lilikuwa ni Alute.

Mwandishi wa habari hizi alisogea na mzigo wake, akakumbusha kwamba kiti kile alikwisha kukilipia.

"Ulilipia kiti cha injini ya zamani, bwana," alisema Alute kwa adabu, "na mwenyewe leo anasafiri."

Mwandishi akauliza, huko nyuma je? Stefano alizunguka lori, akabonyeza tairi moja moja kwa kidole gumba.

"Magurudumu ni yangu," alisema, "na kwa leo mzigo umeyatosha." Kisha yeye mwenyewe akapanda, akaketi juu ya injini.

Mwandishi akauliza tena, watarudi lini? Alute alihesabu kwa vidole, akaacha katikati, akagusa kofia yake. Alikuwa na uso wa mtu aliyepona. Lori liliondoka. Isaka aligeuka na kuchungulia nyuma kupitia kijidirisha, kuhakikisha injini yake imo. Walipofika kilimani, Alute aliingiza gia ya kwanza, na lori likapanda polepole, kwa mwendo ule ule wa injini ya zamani, huku kijijini kuku wa Hana wakichakura karibu na magunia manne ya chumvi na sanduku la mgeni aliyeachwa.