Chumba cha Msomi

Nakumbuka siku ile niliposhuka stesheni ya Tabora na sanduku langu la bati, chuo kimefungwa ghafla kwa sababu ya kipindupindu. Ndiyo, mwanangu, bibi yako naye alisoma chuo. Usicheke huko ndani. Kama nyinyi mlivyorudishwa safari hii na korona, nasi tulirudishwa hivyo hivyo, bila hata kuagana.

Nyumbani baba alinipa chumba cha wageni. Akawaambia wadogo zangu, "Msomi asisumbuliwe." Sikutumwa maji wala sikushikishwa jembe. Chakula nililetewa kikiwa kimefunikwa kawa. Kwetu hiyo ndiyo heshima ya mtoto aliyesoma, na hakuna aliyeona kwamba ndani ya heshima ile nilikuwa nafifia. Mchana nililala, usiku usingizi ukanikataa. Kitabu nilikifungua ukurasa ule ule kila siku. Nilimkumbuka Pili wa Kigoma, niliyekaa naye chumba kimoja chuoni, mtu wa kucheka mpaka machozi, nisijue kama ni mzima. Uani wanawake walikuwa wakimenya karanga na kutaniana, nami nilitamani mtu aniite tu kwa jina langu.

Aliyeniita ni shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Ziba. Aligonga mlango.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hebu toka, ungo huu ni mkubwa kwangu peke yangu." Kisha akamgeukia baba: "Kaka, mtoto karudi kwao, wewe umemfanya mgeni!"

Nilikaa karibu naye, nikamenya. Machozi yakanitoka juu ya karanga, hakuniambia ninyamaze. Aliuliza tu, "Unamuwaza nani?" Nikamweleza habari za Pili hadi jua likazama, naye akacheka vituko vya Pili kana kwamba anamjua. Sikupona siku ile, lakini kesho yake nilitoka mwenyewe.

Chuo kilipofunguliwa Pili hakurudi, na hakuna aliyejua sababu. Mpaka leo treni ya Kigoma ikipiga honi, moyo wangu hukimbilia stesheni. Nina hamu naye, mwanangu, uzee huu wote. Na shangazi naye keshatangulia.

Kwa hiyo nisikilize. Mama yako anakuletea sahani mlangoni kwa mapenzi, lakini wewe usiukubali ugeni huo. Huzuni ikikubana, itaje kwa mtu, hata ukianza na jina tu la rafiki unayemkumbuka. Usijiambie si kitu kwa kuwa wengine wanaugua zaidi. Na ikizidi, niambie, twende hospitali pamoja. Si aibu hata kidogo. Mungu akufungulie kifua, akulinde, akurudishe chuoni uwakute wenzako wote wazima.

Basi, nimemaliza. Karanga ziko uani, na ungo huu ni mkubwa kwangu peke yangu.