Hapa Ni Kwangu

Shivachi aliandika maneno matatu nyuma ya picha, na maneno hayo matatu yakamlia shamba.

Ilikuwa Krismasi ya mwaka wa tisini na moja. Alikuwa kapera bado, akiunda vitanda kwenye kibanda cha mabati kule Kawangware, na sikukuu hiyo hakwenda nyumbani Kakamega. Kwao mtu asipoonekana Krismasi, watu huuliza amefungwa jela gani. Basi akaazima koti la suti, akaenda bustani ya kando ya mto, ile ya mjini iliyobaki tangu enzi za Wazungu, yenye uzio wa vyuma na ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Gachanja, mpiga picha wa pale, akamsimamisha kwenye ngazi, mkono kiunoni, nyasi mbele, mto nyuma.

Picha haina harufu. Mto wenyewe ulikuwa umebeba mifuko ya nailoni na kila kilichotapikwa na mji, lakini kwenye karatasi ulimeta kama mto wa kunywesha ng'ombe. Mwaka huo kaka yake, Phanuel, alikuwa ametuma barua ya kujisifu kwamba ameezeka nyumba yake mabati. Shivachi akaona na yeye asipitwe. Akachukua kalamu, akaandika nyuma: Hapa ni kwangu. Akatia kwenye bahasha, akatuma, akacheka peke yake.

Mficha uchi hazai, na Shivachi aliuficha uchi wake miaka mitano mizima. Alioa, akamleta Mourine, wakapata watoto wawili, wakapanga chumba kimoja Soweto, Kibera, pale ambapo ukisimama mlangoni unaona maghorofa ya Nyayo Highrise yamekupa mgongo. Kila alipokwenda nyumbani aliulizwa habari za mtoni, naye alijibu kuwa ni nzuri. Ungesema nini? Ungeanzia wapi? Yeye hakuanza, na huo ndio uliokuwa ujinga wake.

Mwaka wa tisini na sita ikaja barua ya Phanuel. "Papa amegawa shamba," iliandikwa. "Kila mtu amepata kipande isipokuwa wewe, kwa sababu wewe una kwako huko mtoni. Mwezi ujao liguru na wazee watakuja kupanda mipaka. Mungu akubariki."

Liguru ndiye mkuu wa kijiji, na mpaka ukishapandwa mbele yake umepandwa. Shivachi aliisoma barua amesimama, kisha akaketi kwenye kitanda ambacho vanishi yake haijakauka, koti lake likaharibika. Kilichomchoma zaidi ni ile baraka ya mwisho. Phanuel alikuwa amewahi kulala Kibera wiki nzima. Aliruka mitaro ile kwa miguu yake mwenyewe. Alijua.

Shamba lenyewe halikuwa kitu cha kumtoa mtu macho, ekari moja na nusu ya kugawiwa wana watatu. Shivachi hakulitaka la kulima. Mluhya anaweza kuishi kwa kodi popote duniani, lakini hakuna mwenye nyumba anayekodisha kaburi. Asipokuwa na kipande chake, siku akifa watoto wake watapiga hodi kwa Phanuel kumwombea baba yao shimo. Hilo ndilo lililomkosesha chakula.

Kuandika ukweli hakungefaa kitu, maana mzee hajui kusoma na barua zote husomewa na Phanuel. Ilibidi baba aje aone kwa macho yake. Shivachi akamtumia nauli.

Mzee alifika Ijumaa na jogoo chini ya kwapa, na mche umefungwa kwenye gunia bichi. Mourine akaupokea bila kuelewa.

"Huu ni lusiola," mzee akasema. Lusiola ndio mti wanaoupanda mipakani kwao. "Nimeutoa kwa mpaka wa babu yako. Nitaupanda kwako kwa mkono wangu."

Shivachi alitaka kusema papo hapo, lakini ulimi ukawa mzito. Na mila nayo ikamsaidia kunyamaza, kwa kuwa baba halali nyumbani kwa mwanawe. Mzee alikula ugali akiwa ameketi mlangoni, kisha akaenda kulala kwa Wanzala, jirani. Wala hakushangaa udogo wa chumba. Alikiona kama kile kibanda cha kulindia mahindi, mahali pa kujibanza ukiwa kazini. Jumamosi jioni akauliza, "Sasa kwako tutaenda lini?"

"Kesho, Papa."

Jumapili bustani ilikuwa imejaa. Kulikuwa na watoto wenye viatu vipya, wahubiri wawili wakishindana kwa sauti, na wachumba chini ya kila mti. Askari wa kanjo, yaani baraza la jiji, alikuwa langoni. Mzee alivua kofia alipopita, akamshika askari mkono kwa mikono miwili.

"Mulembe. Wewe ndiye unamchungia kijana wangu?"

Askari akacheka, akamwitikia. Mzee akaingia, mche mkononi, akisalimia kila aliyeketi nyasini. "Wageni wako ni wengi," alimwambia mwanawe kwa sauti ya chini, ya furaha. "Utawalisha nini?"

Shivachi aliona haya mpaka masikio yakawaka. Akamshika baba yake kiwiko, akampeleka kwenye zile ngazi za mawe, wakaketi.

"Papa, hapa si kwangu."

Mzee akauweka mche magotini.

"Hapa ni kwa kila mtu. Ni bustani ya kanjo. Nilikuja siku moja kupigwa picha. Kwangu ni pale Kibera ulipokula, na hata pale si kwangu, nalipa kila mwezi. Niliandika tu, Papa. Sina shamba lingine. Nirudishie kipande changu kabla liguru hajaja."

Mfuko wa nailoni ulipita majini, ukakwama kwenye jiwe, ukajaa upepo. Mzee aliutazama mpaka ulipojinasua.

"Phanuel anajua?"

"Anajua."

"Liguru?"

"Hajui."

"Wa kanisani?"

"Hawajui, Papa. Nani angewaambia?"

"Mimi niliwaambia," mzee akasema. "Niliwaambia mambo ya hii maji. Liguru alibisha, akasema mtu wa Kibera hawezi kuwa na mto. Nikamtolea picha mbele ya watu. Nikamwita mwenye wivu. Mpaka leo hatusalimiani." Akageuza mche mkononi. "Sasa unataka nirudi nimwambie alisema kweli?"

"Ni kaburi langu, Papa."

"Nimesikia."

Gachanja akawaona kwa mbali, akaja mbio na kamera ikimgonga kifua. "Sasa, fundi! Umepotea sana. Huyu ni mbuyu wako, baba yako? Simameni niwatoe moja safi!"

Shivachi akatikisa kichwa. Lakini mzee alikuwa ameshainuka. Alivaa kofia, akalifunga vizuri shati shingoni, akashuka ngazi mbili hadi pale pale aliposimama mwanawe miaka mitano nyuma. Akauinua mche kifuani.

"Piga," akasema. "Maji ionekane."

Jumatatu mzee aliondoka na picha, mche akauacha.

Shivachi alijipa moyo. Alimwambia Mourine kwamba mzee si jiwe, kwamba akifika nyumbani atamwita liguru kando, waelewane kiume. Aliisubiri barua wiki tatu. Ilipokuja ilikuwa ya mwandiko wa Phanuel, kama kawaida.

"Papa alifika salama. Amewaambia wazee kwamba kwako amekuona kwa macho, maji yapo mwaka mzima na una askari langoni. Alisema mpaka wako ameupanda mwenyewe. Liguru ameomba msamaha, sasa wanasalimiana. Mipaka yetu ilipandwa Jumamosi. Picha ya Papa tumeitundika karibu na ile yako, na ameniambia niandike nyuma: Hapa ni kwake. Mungu akubariki."

Mourine alikuwa mlangoni akiumwagilia mche, ambao alikuwa ameutia kwenye udongo ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Ulikuwa umechipua majani mapya, na mizizi ilikuwa imeanza kutokea chini ya mkebe palipoliwa na kutu.

"Baba watoto, huu tutaupanda wapi?"

Shivachi aliikunja barua, akaitia mfukoni.

"Uache humo mkebeni tu," akasema. "Tukiupanda, mwenye nyumba ataung'oa."