Fundi wa Sare Langoni kwa Mfalme

Mama Vifungo, aliyeshona sare za askari tangu usichana wake, alisimama mbele ya umati wa waandamanaji langoni kwa mfalme. Maandamano ya kwanza yalizimwa na askari walioletwa kutoka mbali, na mumewe hakurudi. Leo waliotumwa walikuwa askari wa kambi ya hapa hapa, bunduki zao zimemwelekea kifuani.

"Wewe, mwanangu!" akamfokea mmoja wao. "Suruali hiyo nimekupanulia juzi tu, kitambi kimekuzidi! Ukiniua, ikipasuka atakushonea nani?"

Askari akauma midomo asicheke. Akashusha bunduki. Wenzake nao wakashusha.

"Pigeni, mbwa nyie!" afisa wao akanguruma.

Wakainua bunduki tena. Safari hii wakamgeukia afisa.