Chupa Ambayo Haikukaushwa

Watu wote wa maabara walimwita Shangazi, kuanzia Profesa hadi mlinzi wa mlangoni, ingawa kwa miaka kumi na tisa hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Kaka yake wa pekee alichelewa kuoa, na alipooa, mtoto naye akachelewa. Jina lilimkaa tu, kama nguo ya kuazima inayompendeza mtu kuliko mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kuvikausha ndani ya tanuri, kupima unga kwenye mizani midogo, na kuzichunga chupa zinazokorogwa. Ndani ya kila chupa kisumaku cheupe, kidogo kama punje ya mchele, kilizunguka, na kioevu kikajichimbia shimo katikati. Shangazi alipenda kulitazama lile shimo. Alikuwa akisimama hapo na kitambaa mkononi, mawazo yakampeleka mbali hata asijue kama ni asubuhi au alasiri, na mvumo wa feni ya kuvuta hewa ukawa kama pumzi za mtu aliyelala chumba cha pili.

"Shangazi, umeshasafiri," wenzake humwambia.

"Nimerudi, nimerudi," naye hujibu, kisha anaondoka tena.

Aliyemweleza wanachokitafuta mle ndani ni Mtafiti, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini aliyekuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamivu.

"Weka kiganja cha kulia juu ya cha kushoto, vyote vitazame chini," alimwambia siku moja. "Vinalingana?"

Shangazi akajaribu. "Vidole gumba vinakataa."

"Basi molekuli nyingi za dawa ziko hivyo. Kuna ya kulia na ya kushoto, zimejengwa kwa vitu vilevile. Moja inaponya. Mwenzake huenda isifanye lolote, au ikadhuru. Ukizitengeneza bila mpango unapata nusu kwa nusu."

"Na wewe unataka upande mmoja."

"Upande mmoja tu."

Wengi hutumia metali adimu kuchochea kazi hiyo, na chembe zake ni taabu kuziondoa ndani ya dawa. Mtafiti alichagua prolini, unga mweupe ambao ni kimojawapo cha vijenzi vya protini; umo hata ndani ya nyama na maharage. Molekuli yake ni ndogo, lakini nayo ina mkono wake. Huishika molekuli nyingine kwa kitambo, ikaukinga ubavu mmoja, na mgeni anayekuja kuungana nayo akalazimika kupitia ubavu ulio wazi. Kisha huachia, ikaenda kushika nyingine, yenyewe ikiwa vilevile.

"Kama mkunga," Shangazi alisema. "Anapokea huyu, anakwenda kwa yule."

Mtafiti alicheka mpaka akavua miwani. Toka siku hiyo ule unga wakauita Mkunga, na chai ya saa nne wakawa wanakunywa pamoja.

Kwa wiki nyingi Mkunga aliwaletea sabini kwa thelathini. Si haba, ila si dawa. Halafu, Alhamisi moja, mashine ya kupima pande hizo ikatoa tisini na sita kwa nne. Mtafiti alisoma namba mara tatu, akavuta kiti, akakaa. Akarudia wiki iliyofuata: sabini na mbili. Akarudia tena: sabini. Akabadilisha unga, akabadilisha joto, akabadilisha hata meza. Miezi mitatu ikapita. Mashavu yakamwingia ndani, na chai ikawa inapoa mbele yake bila kuguswa.

Siku moja Profesa, mtu mpole asiyepandisha sauti, alimwuliza kwa upole uleule, "Una hakika siku ile hukuandika namba uliyoitamani?"

Shangazi alikuwa nyuma ya rafu, anapanga neli za kioo. Alisubiri Mtafiti ajibu. Mtafiti alifuta miwani ambayo tayari ilikuwa safi. Mchana huo akaanza kukusanya vitabu vyake na kuvitia ndani ya boksi.

Shangazi akaenda kwenye sinki. Alifungulia maji ya moto, mvuke ukapanda, kioo cha dirisha kikawa cheupe kama maziwa. Matone yakaanza kuteremka. Alilifuata moja kwa macho, likanasa, likakutana na jingine, yakashuka pamoja, na akili yake ikashuka nayo hadi Jumatano ile ambayo kaka yake alipiga simu kusema wifi ameshikwa na uchungu. Aliona mkono wake mwenyewe umeshika chupa iliyotoka kusuuzwa. Aliona unaikung'uta mara mbili na kuiweka juu ya meza ya Mtafiti. Aliona mgongo wake mwenyewe ukitoka mlangoni. Jioni hiyo alipakatishwa mtoto wa kike wa kilo tatu, akawa shangazi wa kweli, na chupa ikamtoka kichwani.

Chupa ile haikupita tanurini.

Ukutani, juu ya sinki, palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwamba kila chombo lazima kikaushwe. Kuna mtu aliwahi kuondolewa kazini kwa kosa dogo kuliko hilo. Alifunga bomba. Mficha uchi hazai, alijiambia, akafuta mikono na kwenda.

Aliwaambia Profesa na Mtafiti, amesimama, bila kujitetea.

"Maji?" Profesa aliuliza.

"Matone. Mawili, labda matatu. Niliikung'uta tu."

"Miezi mitatu, Shangazi."

"Miezi mitatu, Profesa. Sikukumbuka mpaka leo."

Mtafiti alikuwa ameshachukua bomba la sindano. Alipanga chupa sita. Ya kwanza kavu kabisa, ya pili tone moja, na kuendelea hadi ya sita, matone kumi. Kesho yake alasiri namba zikatoka. Kavu: sabini na moja. Tone moja: themanini na nane. Matone mawili: tisini na saba. Kumi: hamsini na tano, karibu nusu kwa nusu. Mtafiti aliweka paji la uso juu ya bega la Shangazi, wakabaki hivyo muda mrefu.

Profesa hakumfukuza. Alimwomba Mtafiti radhi mbele ya wote, kisha akamsogezea Shangazi daftari la majaribio, ambalo hakuwahi kuandika ndani yake, na kalamu. Shangazi aliandika tarehe ya Jumatano ile, na chini yake: *Sikuikausha chupa. Niliwahi hospitali.* Akatia sahihi.

Makala ya ugunduzi huo ilipochapishwa, jina la Shangazi lilikuwa la tatu. Kaka yake aliisoma kwa sauti sebuleni, akikwama kila mstari, huku wifi akimwambia amwonee mtoto huruma.

Mtafiti alipata kazi ng'ambo. Siku ya kuaga, Shangazi alimwuliza yale maji hasa humfanya nini Mkunga.

"Wengine wanasema yanamsaidia kuachia haraka," alisema Mtafiti. "Kwa kweli hatujui vizuri bado."

Shangazi alilipenda jibu hilo. Alirudi nalo kwenye meza, akawasha kikorogeo chini ya chupa mpya, na kisumaku kikaanza kuzunguka.