Chuma cha Kupigia Kiki

Pikipiki ile niliachiwa na Mzungu mmoja wa shamba la mkonge pale Kilosa, alipokuwa anarudi kwao na hakuona sababu ya kupakia takataka melini. Mimi nilikuwa dresa wa shamba: nafunga vidonda vya manamba, vibarua wa mkonge, nagawa kwinini, natukanwa na wagonjwa. Nikaipokea kama niliyepewa gari moshi. Wiki ileile chuma chake cha kupigia kiki kikakatika, kikabaki kisiki.

Pikipiki isiyo na kiki huwashwa kwa kusukumwa, na msukumaji alikuwa mke wangu. Mimi nakaa juu na kofia yangu, yeye anasukuma kuteremka hadi karibu na kiwanda, manamba wanapiga miluzi.

"Bwana dresa," aliniambia siku moja akihema, "mahari uliyotoa ilikuwa ya mke. Ya punda ulimpa nani?"

Nikaanza kutafuta chuma kingine. Mwenye duka la vipuri Kilosa mjini alikigeuzageuza kile kisiki, akanirudishia. "Waliotengeneza hii wameshakufa. Nunua baiskeli." Fundi mmoja wa reli akanichongea cha kwake, nilipokikanyaga kikapinda kama ndizi.

Habari njema ililetwa na jipu. Nilikuwa nalikamua la mzee mmoja, naye, ili nipunguze nguvu, akasema kwao Kisanga padri wa zamani alikuwa na pikipiki kama yangu.

"Iko wapi?"

"Padri alikufa, watu wakagawana. Taratibu, mwanangu!"

Tukapanda lori la shamba, mimi na mke wangu, tukaenda Kisanga. Kweli walikuwa wamegawana. Tangi lilihifadhi pombe nyumba moja, kiti alikalia bibi mmoja akipepeta mchele. Kiki ilikuwa kanisani: katekista aliitumia kugongea kipande cha reli kilichokuwa kengele yao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Nilipomweleza shida yangu, akakificha kile chuma mgongoni. "Hiki kinaita watu kwenye sala."

"Lakini Mwalimu, hicho ni chuma cha pikipiki."

"Kilikuwa. Sasa kimebatizwa."

Mke wangu akauliza, "Watu wenyewe wanakuja?"

"Wachache," katekista akakiri.

Mke wangu akachukua jembe la mama mmoja aliyekuwa akipalilia jirani, akaushika mpini kwa mikono miwili, akapiga mgongo wa jembe kwenye reli. Mlio ulitoka kama dunia imepasuka. Watu wakakimbia kutoka mashambani, wengine na mikuki, wakidhani ni simba. Katekista aliutazama umati ule, akavaa kanzu upesi kabla hawajatawanyika, akaanza ibada. Tulisali mpaka magoti yakafa ganzi. Mwishoni akanikabidhi kiki.

"Chukua. Ila jembe linabaki."

"Jembe langu!" yule mama akapiga kelele. Ikabidi nimletee jipya kwa lori lililofuata.

Nyumbani nilikifunga kile chuma, nikakikanyaga kwa madaha. Kikarudi kwa nguvu, kikanichapa muundi, mguu ukavimba kama gogo. Dresa mzima nikawa najifunga bendeji mwenyewe huku foleni ya wagonjwa ikinicheka.

Lakini mke wangu alishapania kwenda kumwona mama yake Mikumi. "Utakaa nyuma," akasema. "Nimeisukuma muda wote huo, unadhani sijaona unavyofanya na mikono?"

Tulienda kama nyoka, upande huu na upande ule. Njiani nyati walisimama katikati ya barabara, naye akafunga breki, injini ikazima. Nikanong'ona sala zote za Kisanga. Walipoingia porini, akashuka, akajifunga khanga kiunoni, akapiga kiki mara moja tu. Ikaitika.

Mikumi, mama mkwe alitoka nje kwa ule mngurumo. Akamwona binti yake mbele ameshika usukani, na mkwewe nyuma amemkumbatia kiuno kwa mikono miwili, macho yamefumbwa. Akajifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika. Kama alikuwa analia au anacheka, heshima ya ukwe haikuniruhusu kuuliza.