Kichupa Kilichoachwa Dirishani

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi wa simu hapa Kitengela simu yangu iliyopasuka ukingo. Alitoa kichupa cheupe, akakamua tone moja, na ile harufu ikapanda. Sijui kama nawe umewahi kuinusa supaglu ikiwa mbichi. Si harufu kubwa. Huingia puani kama pini, kisha macho huanza kuwasha. Fundi alipoinua kichwa alinikuta nimefunika jicho la kushoto kwa kiganja.

"Imekurukia, madam?" akauliza.

Nikamwambia hapana. Jicho lililorukiwa halikuwa langu, na ilikuwa zamani.

Miaka ya tisini Kitengela ilikuwa barabara ya Namanga na maduka machache huku na huku, na nyuma ya maduka kulikuwa na uwanda mtupu ambako punda milia walikuja kula majani karibu na nguo zetu zilizoanikwa. Mama alikuwa fundi wa viatu. Baba alifanya kazi Magadi, kule kwenye joto la ziwa la chumvi, akija nyumbani mwisho wa mwezi, midomo imempasuka. Siku zote nyingine mzigo wa nyumba, kibanda na sisi mabinti wawili ulikuwa wa mama peke yake. Mimi, Ndinda, nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Mwende alikuwa na minne.

Kibanda cha mabati kilikuwa mbele ya nyumba, kikinuka ngozi, mpira na gundi. Gundi ya manjano ya mkebe, nzito kama uji, mama hakuiogopa. Aliyoiogopa ni ile ya kichupa, aliyoitumia kwa shanga za sandali na kazi nyingine ndogondogo. "Hii haijui mkono wa fundi na mkono wa mwizi," alikuwa akisema. Aliifuta mdomo kwa kitambaa kikavu, akaifunga, akaisimamisha wima ndani ya mkebe wa biskuti, juu ya rafu, mbali na jua na jiko. Siku moja Mama Naserian, mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa, alishika sandali kabla haijakauka na vidole vyake viwili vikashikana. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mama hakucheka. Alileta maji ya uvuguvugu na sabuni, akamlowesha mkono na kumsugua taratibu kwa karibu nusu saa. "Usivute," alimwambia. "Ukivuta, ngozi yako itabaki hapo."

Agosti ya mwaka huo ilikuja na baridi na upepo wa vumbi, na vumbi likaleta ugonjwa wa macho. Macho ya Mwende yakawa mekundu. Zahanati ilimpa dawa ya matone, kichupa cheupe chenye mdomo mwembamba, na kwa kuwa mama alikuwa kibandani tangu asubuhi, kazi ya kumtia dawa alipewa nani? Mimi. Nilijiona daktari kamili. Dawa ilikaa kwenye dirisha la chumba chetu, na mara tatu kwa siku Mwende aliweka kichwa mapajani mwangu, nikatia tone, naye akasema, "Baridi!" kisha tukacheka.

Jumamosi moja nilivunja kibanio cha nywele nilichoazima kwa rafiki. Mama alipokwenda kuchota maji nilipanda kigoda, nikafungua mkebe wa biskuti na kuchukua supaglu. Nilikwenda kubandika dirishani, penye mwanga. Kabla sijamaliza nikamsikia mama akiniita nimpokee mtungi. Nikakimbia. Kichupa nikakiacha pale, na niliporudi nilikuwa nimeshakisahau. Mtoto husahau upesi kitu ambacho hakijamletea shida.

Kesho yake tulikuwa tukijiandaa kwenda kanisani. Mama alikuwa nje akipiga rangi viatu vyetu. "Ndinda! Umemwekea mtoto dawa?" Sikuwa nimemwekea. Nikamlaza Mwende haraka, nikanyoosha mkono dirishani bila kutazama, nikatia tone katika jicho la kushoto.

Hakusema baridi. Alisema, "Moto!"

Kisha akapiga yowe ambalo sijasikia tena mtoto akilipiga, na pamoja na yowe ile harufu ikapanda. Nilikitazama kichupa mkononi. Nikatazama dirishani, ambako kichupa kingine kilikuwa kimesimama kimya. Kope zake zilikuwa zimeshikana, zimefanya ukoko mweupe, na chini ya ukoko ule jicho lilikuwa likihangaika kama mdudu ndani ya kitambaa. Niliganda. Nilitaka kukimbia mpaka Isinya, lakini miguu haikuwa yangu.

Mama aliingia na brashi ya viatu mkononi. "Umeweka nini hapa?"

Nilimpa kichupa. Alikisoma, akakaa sakafuni na gauni lake la kanisa. Halafu alimvuta Mwende kwake, akaweka kidole gumba kwenye kope ili alifungue jicho kwa nguvu.

Yowe lilikuwa limewaleta majirani. Wa kwanza alikuwa Mutiso, seremala wa mlango wa pili, amebeba chupa ya thina ya kuyeyushia rangi. "Hii inatoa gundi yoyote, Mama Ndinda. Hata kwa mbao inatoa. Paka kidogo tu kwa kitambaa."

Mama alinyoosha mkono kuipokea. Namkumbuka uso: alikuwa tayari kupokea chochote kutoka kwa yeyote. Hapo ndipo mkono wenye bangili za shanga ulipomshika kifundo. Mama Naserian alikuwa amefika na maziwa.

"Wacha! Hiyo ni ya mbao," alisema. "Itachoma jicho yote. Na usivute, yeyo, mama yangu. Si ni wewe uliniambia nisivute? Leta maji ya vuguvugu."

Mama akamtazama kama mtu aliyeamshwa. Maji yakaletwa. Walimwinamisha Mwende, wakammiminia kikombe baada ya kikombe, naye akipiga mateke. Ukoko ulilainika kidogo pembeni lakini jicho halikufunguka. Wakalifunika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa. Zahanati ilikuwa imefungwa Jumapili, kwa hivyo Mama Naserian alitoka barabarani kumsimamisha shemeji yake, ambaye alikuwa akipeleka mbuzi Kajiado kwa pikapu. Mama na Mwende wakaketi mbele. Hakuna aliyeniambia nipande, wala hakuna aliyenikataza. Mama Naserian aliniinua kwa kwapa akaniweka nyuma, katikati ya mbuzi, akapanda na yeye.

Njia ile sikuona chochote cha uwanda. Nilitazama shingo ya mama kupitia kioo cha nyuma, nikingoja igeuke, na haikugeuka hata mara moja. Nilifumba jicho langu la kushoto ili nijue dunia itakuwaje kwa Mwende, na nusu ya mbuzi wakapotea. Nilimwambia Mungu achukue jicho langu badala ya lake. Tulipofika Isinya nilikuwa nimeongeza na la pili. Nilimwogopa baba, nikawaogopa polisi, lakini zaidi niliogopa siku ambayo Mwende angekua na kuuliza ni nani aliyemfanya hivi.

"Tulia, mtoto," Mama Naserian aliniambia, akimsukuma mbuzi aliyekuwa akitafuna kola yangu. Hakusema kwamba Mwende atapona. Nilisubiri aseme.

Daktari kule Kajiado alikuwa mtu mfupi mwenye mikono baridi. Aliosha jicho tena, akapunguza kope kwa mkasi mdogo, mama akiwa amemshika Mwende kichwa. Kisha akasema maneno ambayo mama alirudia nyumbani kama sala: lisilazimishwe, litafunguka lenyewe baada ya siku chache. Kama kioo cha jicho kimekwaruzika, itajulikana likifunguka. "Na akilia, mwacheni alie," akaongeza. "Machozi yanasaidia kuiachisha gundi."

Mwende alikuwa mtoto wa kulia kwa sababu ya ugali wa moto, kwa sababu ya soksi, kwa sababu ya kuku aliyemtazama vibaya. Lakini tangu tuliporudi na bendeji hakutaka kulia hata kidogo. Watoto wa ploti nzima walikuja kumwona, naye akawapokea kama chifu. Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu machozi yasiyotoka. Nilimsimulia habari ya mbwa wetu aliyegongwa na lori. Nilimwimbia nyimbo za mazishi. Akaniambia niimbe tena.

Siku ya pili mchana tulikuwa peke yetu, nikaishiwa hadithi za huzuni, nikamwambia ya kweli: kwamba ni mimi niliyetoa gundi kwenye mkebe, ni mimi niliyeiacha dirishani.

Alinitazama kwa jicho moja. "Mama anajua?"

"Hapana."

Akafikiri. "Nitakula chapati yako Jumapili," akasema, akarudi kwenye mchezo wake. Aliyelia ni mimi. Nililia mpaka akanipangusa uso kwa sketi yake.

Asubuhi ya tatu niliamshwa na mama akiita jina la Mwende polepole, tena na tena. Bendeji ilikuwa imetolewa. Jicho lilikuwa wazi, jekundu kama nyanya, likitoa machozi. Mama aliliziba lile zima kwa kiganja kimoja na kuinua kingine mbele yake.

"Hii ni nini, mama?"

Mwende alipepesa lile jicho jekundu. Nilishika blanketi kwa meno.

"Mkono," akasema.

"Inafanya nini?"

"Inatetemeka."

Mama akaketi kitandani, akamkumbatia. Tuliporudi Kajiado, daktari alisema kulikuwa na mkwaruzo mdogo na akatoa dawa ya kupaka. Ulipona. Leo Mwende anasoma maandishi madogo ya mikataba ambayo mimi siyaoni bila miwani.

Mama hakunichapa. Alinunua kufuli, akahamishia gundi zote kwenye sanduku la mbao kibandani, akafunga uzi mwekundu shingoni mwa kila kichupa. Dawa zikapata kabati lao chumbani kwake, na tangu siku ile alizitia yeye mwenyewe, hata kama mteja alikuwa akisubiri. Baba alipokuja, mama alimwambia, "Ilikuwa ajali. Mimi ndiye sikuangalia." Nilidhani ananifichia. Kile kimya kilinitisha kuliko fimbo. Kila nilipoisikia kufuli ikifungwa nilihisi ni mimi ninayefungiwa nje, na kwa miaka nilingoja aniulize: kile kichupa kilifikaje dirishani? Hakuuliza. Nikamaliza shule, nikaolewa, nikazaa, hakuuliza.

Miaka michache iliyopita tulikuwa barazani kwake tukichambua maharagwe. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, na labda ndiyo sababu. Nilimwambia yote, kigoda, kibanio cha nywele, mtungi. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Niliiona," akasema. "Jumamosi jioni. Soli ya kiatu yangu ya kanisa ilikuwa imeachana. Nikaikuta hapo kwa dirisha, nikabandika, nikairudisha hapo hapo, kando ya dawa. Nilikuwa nimechoka. Nikasema nitaitoa asubuhi."

Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kusema. Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa uani.

"Ningekwambia nini, Ndinda? Ulikuwa unaniangalia kila siku na hayo macho. Nikafikiri unajua."

Nikiwa mtoto niliamini woga ni wa watoto, na kwamba kimya cha mtu mzima ni hukumu anayoishika mpaka siku yake. Miaka yote ile nilidhani mama ananingoja nikiri. Kumbe naye alikuwa akiogopa nisije nikamwuliza.