Filamu ya kwetu imebeba tuzo kubwa, Shangazi akaja kumlilia Baba aliye hai

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa hapa Kerende, kijijini Tarime, kichwa hakijatulia. Haya yametokea nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi, na anayenijua humu naomba apite kimya kimya.

Iko hivi. Mwaka jana vijana wanne wa Tarime mjini walikuja kutengeneza filamu. Kamera moja, jenereta la kuazima, basi. Mimi nilikuwa nashika maiki.

Kulikuwa na scene ya msiba. Walikosa mtu wa kulala kwenye jeneza, maana kwetu huo ni uchuro. Baba yangu, mzee mbishi kuliko wote mnaowajua, akasema leteni hilo sanduku. Akalala, akina mama wakalia, tukacheka, tukasahau.

Juzi Jumamosi jioni tumejazana banda la mpira kuangalia utoaji wa tuzo huko Dar. Tulikuwa tunashindana na watu wenye makampuni na suti za kung'aa. Kusema ukweli tulienda kuangalia tunavyopigwa.

Filamu bora ya mwaka, ya kwetu!

Wakuu, nililia. Baba alibebwa juu juu. Ikapangwa vijana walete tuzo nyumbani Jumatatu aishike kwa mkono wake. Mzee akanunua mpaka shati.

Sasa binamu yangu mmoja wa Nyakunguru (anajijua) akarusha kile kipande cha filamu, Baba akiwa kwenye jeneza, kwenye grupu la ukoo. Akaandika "Mzee wetu" na hakuongeza neno.

Jumatatu asubuhi nasikia kilio barabarani. Ni Shangazi, dada pekee wa Baba, aliolewa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya. Kaja na majirani zake, khanga kiunoni, anamlilia kaka yake kwa Kikurya. Kumbe Jumapili nzima alikuwa ananipigia, na simu yangu ilishaisha chaji kwa simu za pongezi.

Mjue kwamba hawa wawili walikuwa hawasemezani mwaka wa tisa. Mume wa Shangazi alipofariki, Baba hakwenda kuzika. Waliwahi kubishana na marehemu, akasusa. Kwetu hilo halisameheki kirahisi.

Baba akatoka ndani na shati lake jipya. Shangazi akanyamaza. Nikadhani atazimia, au atacheka. Akamwangalia tu, akamwambia:

"Mzee wangu alipokufa ulikataa kukuja. Mimi nimekuja."

Nikasubiri Baba abishe. Badala yake akarudi ndani, akatoka na koti na fimbo, wakaondoka pamoja kwenda ng'ambo, kwenye kaburi la shemeji yake.

Saa nane vijana wakafika na tuzo, msafara wa bodaboda, honi, vumbi. Wakauliza star yuko wapi. Nikawaambia kaenda kuzika ng'ambo. Wakacheka, wakajua natania.

Leo siku ya nne. Tuzo iko mezani kwetu, watu wanapanga foleni kupiga nayo picha, nawamiminia chai, na sielewi kama niko kwenye sherehe au matanga.

Nilichojifunza: ukisusa msiba wa mwenzako, hata ukifa kwa kuigiza utaulizwa.

Jana nilimpigia Baba kumuuliza atarudi lini kupiga picha na tuzo yake. Akasema, "Pigeni nyie. Mimi bado niko msibani."

Wakuu, nifurahi au nifanyeje? Mwenye mawazo aseme, hata wa kunicheka karibu.